Nilisema Amepona

Kazi yangu ni kupima watoto. Mwaka wa kumi na tisa huu nawatundika kwenye ndoano ya mizani, miguu ikining'inia kwenye ile kaptura ya turubai, nasoma mshale, naandika kwenye kadi, namrudisha mtoto kwa mama yake. Mimi si nesi wala daktari. Nilisoma kozi ya miezi sita tu. Lakini mtu akikaa mahali miaka kumi na tisa huanza kujiona ndiye mwenye mji, na mdomo wangu mimi haujawahi kuwa na breki. Akina mama waliniita Mama Mizani, na nikiwapa kisogo waliniita Mama Maneno. Majina yote mawili yalinifaa.

Nasimulia mwenyewe kwa sababu sitaki asimulie mwingine, akafika katikati akaanza kunihurumia.

Kuimba kulianza kwa sababu ya kelele. Chumba cha kupimia kina paa la bati na dirisha moja, na Alhamisi, ambayo ni siku ya wazazi wapya, watoto wote hulia kwa pamoja. Alhamisi moja nikaona heri nipaze sauti kuliko kupasuka kichwa. Nikaimba upuuzi wowote uliokuja kinywani. Watoto wakatulia kidogo, lakini walionishangaza ni mama zao. Mmoja aliyekuwa ameinama tangu asubuhi, hata jina la mtoto nilimuuliza mara tatu, aliinua uso akaitikia. Sista, mkuu wa kliniki yetu, alikuwa anapita na mafaili yake. Akasimama mlangoni mpaka tukamaliza, na kesho yake akaniita ofisini.

"Mama Mizani," akasema, "wazazi wengi wanaumwa huzuni na hawasemi. Mimi nikiwauliza wananiambia wako salama. Jana nimeona watu wanapumua. Waimbishe kila Alhamisi saa nne, kabla ya chanjo. Na uwaangalie. Ukiona mtu hayuko sawa, mlete kwangu."

Niliagizwa hayo tu: niwaimbishe na niwaangalie. Mengine nilijiongezea mwenyewe.

Wimbo tuliutunga sisi wenyewe. Mimi nauliza, wao wanajibu. "Nani kaamka?" "Mimi na mwanangu." "Nani hakulala?" "Mimi na mwanangu." Kila Alhamisi mmoja wao anaongeza swali lake. Mama Pacha, mwanamke wa vicheko aliyejifungua mapacha huku wengine wanne wakimsubiri nyumbani, aliongeza, "Nani hajachana nywele?" Tukacheka mpaka mtoto aliyekuwa kwenye mizani akacheka na sisi. Wiki iliyofuata huyohuyo Mama Pacha akaongeza, "Nani alilia chooni?" Halafu wote wakaitikia, na mimi nikaitikia, mimi ambaye wanangu wana ndevu.

Hapo ndipo nilipomwelewa Sista. Mwambie mzazi akueleze kwamba anajifungia chooni kulia, hatasema ng'o. Mpe aliimbe, wenzake tisa wamwitikie, na hapohapo anajua kwamba hayuko peke yake. Niliwaona wakibadilika. Walikuja wakiburura kandambili, wakaondoka wanapigana utani getini. Wawili watatu niliwapeleka kwa Sista, wakatibiwa, wakarudi kuimba. Kilikuwa kitu kizuri. Hata leo, pamoja na yote, nasema kilikuwa kitu kizuri.

Tatizo lilikuwa nafasi. Chumba kina mabenchi mawili, watu kumi. Baada ya miezi mitatu orodha ya wanaosubiri ilipita watu kumi na wanne, na kila mmoja alinipigia simu kana kwamba mimi ndiye mwenye ufunguo wa peponi. Basi nikatunga utaratibu. Mzazi akiona yuko tayari, au mimi nikiona, atasimama katikati na mtoto wake na kuimba wimbo wote peke yake, mwanzo hadi mwisho. Sauti isipokatika, amefaulu. Tunapiga makofi, nasema kwa sauti, "Huyu amepona!" na anampisha mwenzake.

Nani aliniambia kwamba sauti ikiwa imara na moyo uko imara? Hakuna. Nilijitungia, nikauamini utungaji wangu. Sista alijua tunaimba. Hakujua kwamba natoa vyeti vya mdomo.

Fundi aliletwa na mama mkwe wake. Tulimwita Fundi kwa sababu alikuwa mshonaji wa sare za shule, na siku hiyo ya kwanza alikuja na utepe wa kupimia shingoni, amesahau kuuvua. Mume wake alikuwa mchomeleaji, anatengeneza mageti na madirisha ya vyuma. Walikuwa na chumba kimoja na sebule, na mtoto huyo wa kike alikuwa wa kwanza.

"Mtoto ana wiki tatu," mama mkwe akaninong'oneza. "Ananyonyesha, anaosha, anafua, hakuna asichofanya. Ila hamtazami. Mama, sijui nikwambieje. Hamtazami kabisa."

Fundi alinikabidhi mtoto kama mtu anayerudisha nguo ya mteja, imepigwa pasi, haina kasoro. Nikampima. Uzito ulikuwa mzuri. Nikamwambia mama mkwe asiwe na shaka, hapa amefika.

Alhamisi ya kwanza hakufungua kinywa. Ya pili alisogeza midomo. Ya tatu akaimba, na chumba kizima kikageuka. Nimesikia sauti nyingi katika maisha yangu, lakini ile ilikuwa inaingia mtu mahali ambapo hakujua pako wazi. Mama Pacha akanifinya paja. "Ee, Mama Mizani, huyu alikuwa amefichwa wapi?" Tangu siku hiyo Fundi ndiye aliyekuwa anauliza na sisi tunajibu. Mimi nikabaki na mizani yangu, nasikiliza.

Alhamisi ya nne alimtazama mtoto. Nilishuhudia kwa macho yangu. Alikuwa katikati ya mstari, mtoto akashika utepe wa shingoni, na Fundi akainamisha uso akamwimbia yeye, siyo sisi. Mama mkwe aliyekuwa mlangoni alitoka nje kulia. Nami nilijivika kilemba cha ukoka kichwani nikajiona daktari.

Alhamisi ya tano ilikuwa zamu yake kuongeza swali. Akaimba, "Nani mgeni nyumbani?" Tukabaki tunatazamana, hatujui jibu. Akajijibu mwenyewe, "Mimi kwa mwanangu." Akarudia, tukaitikia. Tulisema ni ubeti mzuri kuliko yote. Tulipiga makofi, jamani. Mtu anatuambia yuko kwenye shimo, sisi tunampigia makofi.

Baada ya kupima alibaki, akawa anakunja kanga ya kumbebea mtoto, anaikunjua, anaikunja tena.

"Mama Mizani, nikuambie kitu? Nikiimba hapa, namhisi ni wangu. Nikivuka lile geti, anaondoka. Yaani yuko mgongoni, uzito wake nausikia, lakini ameondoka."

"Yatapita, mwanangu," nikamwambia. "Wewe, na sauti hiyo? Ninayemhofia ni Kimya."

Kimya alikuwa msichana aliyekaa mwisho wa benchi. Wiki nane hakuwahi kuitikia hata neno. Nilimpeleka kwa Sista mara mbili. Alipewa dawa, alitembelewa nyumbani, mama yake alielezwa namna ya kukaa naye. Yuko mzima leo, na mtoto wake anatembea. Nilikuwa namwangalia yeye kwa macho mawili, na Fundi nilimpa masikio tu. Waliosema nyumba njema si mlango walisema wakamaliza. Mimi niliuona mlango umepakwa rangi nikaridhika.

Wiki ya saba tulitembelewa na wageni kutoka ofisi kuu ya afya, watu watatu wenye vitambulisho vifuani. Walikuwa wamesikia habari zetu. Nami nilitaka waone. Ningeweza kusema nilisukumwa na orodha ya wanaosubiri, na ni kweli orodha ilikuwa ndefu, lakini sitadanganya: nilitaka kusifiwa. Nikamwita Fundi katikati.

"Leo? Mimi bado, Mama Mizani."

"Bado nini? Simama, mwanangu, waone."

Akasimama. Aliimba wimbo wote, mtoto mkononi, sauti haikutikisika hata mara moja. Mmoja wa wageni alivua miwani akafuta macho. Alipomaliza nikainua mkono wake juu nikasema, "Huyu amepona!" Mama mkwe akapiga vigelegele mlangoni, watu wakapiga makofi, watoto wakashtuka wakalia. Fundi alisimama palepale. Hakutabasamu mpaka alipoona namtazama.

Wageni walipoondoka akanifuata kwenye mizani.

"Alhamisi nije?"

"Uje kufanya nini tena? Mpishe mwenzako."

"Benchi sitaki. Nitasimama tu kule nyuma."

Na mimi, mbele ya wenzake wote, nikasema, "Tangu lini mgonjwa aliyepona akalilia kitanda? Nenda kashone, Fundi, watoto wa watu hawana sare!"

Wakacheka. Naye akacheka. Alicheka ili nisiaibike, sasa najua, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, mtu wa kumaliza pindo hata la nguo isiyo yake. Akamfunga mtoto mgongoni akaenda.

Alhamisi iliyofuata alikuja akasimama nje, chini ya dirisha. Nilikiona kitambaa chake cha kichwa. Nikawaza, ametukumbuka, na nikaona fahari, nikapaza sauti zaidi. Alhamisi ya pili alikuja tena. Siku hiyo upepo ulikuwa unaleta vumbi mpaka kwenye kadi, nikaenda nikafunga dirisha. Macho yetu yalikutana. Nilimpungia mkono, naye akanipungia.

Baadaye nilijaribu. Nilimwomba Mama Pacha aimbe ndani, dirisha limefungwa, nami nikaenda nikasimama alipokuwa amesimama. Hausikiki hata mstari. Unasikika mtambo wa umeme wa duka la jirani, basi.

Alhamisi ya tatu hakuja. Ningependa kusema moyo ulinishtuka. Sikugundua.

Jumanne iliyofuata Sista alinikuta naosha kaptura za mizani. Alinishika mkono wenye povu akanikalisha.

"Yule fundi wako wa sare amefariki."

Alimwosha mtoto asubuhi, akamvalisha nguo aliyomshonea mwenyewe, akampeleka kwa mama mkwe akamwambia anakwenda kununua uzi. Akarudi chumbani kwake. Alijitoa uhai mwenyewe. Namna alivyofanya sitaisema, haimsaidii aliyekufa wala aliye hai.

Msibani nilikaa nyuma kabisa, nimejifunika. Mama mkwe alikuwa akimwambia kila aliyekuja kumpa mkono, "Na alikuwa ameshapona, jamani. Kliniki walisema. Alikuwa ameshapona." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa haelewi, anawauliza watu wamweleweshe. Kila aliporudia nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ardhi haikupasuka, nikala wali wa msiba kama watu wengine.

Nilimwambia Sista yote: utaratibu wangu, mtihani wangu, utani wangu, dirisha. Nilijua atanifukuza, na nilitaka anifukuze. Alisikiliza, mikono juu ya meza.

"Nani alikuambia uwatoe?"

"Hakuna."

"Wakizidi kumi, si ungewaweka koridoni?"

Hilo tu. Koridoni. Jambo ambalo hata mtoto wa chekechea angeliona, mimi na miaka yangu kumi na tisa sikuliona. Sista hakupandisha sauti, na baadaye nilisikia kwamba alijiandikia barua ya onyo yeye mwenyewe kwa kutonifuatilia. Siku hizi hatumtoi mtu. Koridoni wanajaa mpaka dirisha la dawa, na anayeimba vizuri naye anakwenda kwa Sista kuulizwa hali yake, sawa na asiyeimba. Watu huniambia, basi umejifunza. Najua nimejifunza. Sikupaswa kujifunza juu ya mgongo wake.

Mume wake alikuja miezi miwili baadaye. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu, kabla ya wazazi kufika. Nilizoea kumwona mama mkwe na mtoto, na huwa tunasalimiana, napima, anaondoka. Siku hiyo alikuja mwenyewe, mwanaume mrefu mwenye alama ndogondogo za moto mikononi, mtoto kamfunga kifuani mafundo mawili, mafundo ya mtu asiyejiamini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Mlete bibi huyo tumwone."

Nikampima. Alikuwa ameongezeka vizuri sana. Nikaandika, nikamwonyesha mstari unavyopanda, akaitikia kwa kichwa. Nikamrudishia mtoto. Hakuondoka.

"Mama, naomba nikuulize kitu. Wewe ndiye uliyesema amepona?"

"Ndiyo, baba. Ni mimi."

"Sijaja kwa ugomvi," akasema haraka. "Sijaja kwa ugomvi kabisa. Nataka kuelewa tu. Jumapili ile, siku mbili kabla, tulikuwa tunakula. Akaniambia, 'Mimi bado siko sawa.' Nikamwambia, 'Mke wangu, si ulishaambiwa umepona? Tena mbele ya watu? Mama si alipiga vigelegele?' Akasema, 'Ni kweli, nilishaambiwa.' Akaniongezea chakula. Hakusema tena." Mtoto alikuwa anamvuta kidevu, naye hakumzuia. "Sasa nauliza. Huu ugonjwa, mtu anaweza kupona halafu ukarudi? Maana nawaza, labda alikuwa amepona kweli, na mimi kwa maneno yangu yale ndiye niliyemrudisha."

Miezi miwili alikuwa amebeba hilo. Anachomelea mageti ya watu, anarudi nyumbani, anabeba hilo.

Nilikuwa na jibu jepesi mkononi. Ningesema, huwa unarudi, baba, ndivyo ulivyo, kazi ya Mungu haina makosa. Angeshusha pumzi, na mimi ningebaki Mama Mizani. Mdomo wangu usio na breki ulikuwa tayari kuyasema. Nikautazama uso wake nikashindwa.

"Haukurudi," nikasema. "Hakuwa amepona."

"Lakini aliimba. Mama alisema aliimba mpaka wageni wakalia."

"Aliimba kwa sababu hapa ndipo alipopata nafuu. Nikamwondoa. Mimi ndiye niliyesema amepona, yeye hakusema hata siku moja. Na aliniambia, baba. Aliniambia mimi kabla hajakuambia wewe. Akaniomba asiondolewe, nikamfanyia utani mbele ya watu. Wewe ulirudia tu neno langu."

Nilingoja anitukane. Ningeyapokea matusi yote kwa mikono miwili.

"Aliomba?" akauliza.

"Aliomba. Alisema benchi hataki, atasimama tu nyuma."

"Nyuma wapi?"

Nikamwonyesha. Kati ya mizani na ukuta, mahali ninapoweka ndoo na ufagio. Akaenda. Akaisogeza ndoo kwa mguu, taratibu, isimwamshe mtoto ambaye alishaanza kusinzia kifuani pake, akasimama hapo, mgongo ukutani. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Alikuwa mtu mwenye mabega mapana kuliko mke wake, na nafasi ilimtosha, ikabaki.